Mji Ulizama, Kiti Kikabaki: Hotuba Kuhusu Jimbo la Dunwich

(Hotuba hii niliitoa mbele ya Waswahili wenzangu tunaoishi mashariki mwa Uingereza. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza, pamoja na maswali yaliyonikatiza.)

Shikamooni wazee. Ndugu wengine, hamjambo.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya Bunge la Uingereza, na mwenyekiti amenionya nisiwasinzishe watu waliotoka kula pilau. Kwa hiyo Bunge lenyewe nitaliacha hukohuko kando ya Mto Thames. Nataka twende ufukweni, Suffolk, mahali panapoitwa Dunwich.

Nani hapa amewahi kufika? Naona mikono miwili. Semeni kweli, mlifuata samaki na chipsi. Wengi wetu ndicho kinachotupeleka. Kuna maegesho ya magari, mgahawa, changarawe tupu mpaka kwenye maji, na bahari yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukigeukia bara utaona mtaa mmoja wa nyumba, baa moja, kanisa moja na kijumba cha makumbusho. Ukitazama kusini unaliona kuba jeupe la kinu cha nyuklia cha Sizewell. Juu ya ukingo wa bahari yako magofu ya nyumba ya watawa Wafransisko. Basi, mmemaliza kuiona Dunwich. Wakaazi wake leo hawafiki 200.

Mahali hapo palituma wabunge London tangu mwaka 1298 hadi 1832, na si mmoja, wawili. Kufikia mwisho wapiga kura wa jimbo zima walikuwa 32. Ningeweza kuwataja wote kwa majina hapa na bado mngebaki na muda wa kunywa chai. Wakati huohuo Manchester, mji wa viwanda vya pamba wenye watu zaidi ya laki moja, haukuwa na mbunge wake hata mmoja.

Watu husema bahari ndiyo iliyoiua Dunwich. Mji, naam, uliuawa na bahari. Jimbo halikuuawa na bahari. Jimbo lilinenepa kadiri mji ulivyokonda, na hilo ndilo ninalotaka kuwaonyesha leo, maana mimi mwenyewe nilichukua muda kulielewa.

Tuanze na mji wenyewe, kwa sababu bila kuujua mtadhani nazungumzia kijiji cha wavuvi kilichopata bahati.

Mwaka 1086 makarani wa Mfalme William walizunguka Uingereza wakihesabu mashamba, ng'ombe, vinu na watu, wajue kila mtu anadaiwa nini. Daftari lao ndilo linaloitwa Domesday. Walipofika Dunwich waliandika jambo ambalo nikilisoma hunisisimua. Waliandika kwamba zamani palikuwa na vipande viwili vya shamba, kila kimoja cha kutosha plau moja kwa mwaka, na sasa kimebaki kimoja. Kile kingine kimechukuliwa na bahari. Yaani katika karatasi za kwanza kabisa za serikali kuhusu mji huu, bahari tayari imeandikwa kama mdaiwa anayekula asilipe. Katika daftari hilohilo mji unatajwa kutoa samaki wa heringi 68,000. Watu wake wanakadiriwa kuwa kama 3,000, na kwa Uingereza ya wakati ule huo ulikuwa mji hasa.

Mwaka 1199 Mfalme John aliwapa hati. Hapa nawaomba mnisikilize, maana hati hiyo ndiyo mzizi wa mambo yote. Hati ya mfalme iliufanya mji kuwa mji mbele ya sheria: wakajiendeshea mambo yao, wakawa na mahakama yao, na wakawa na watu wanaotambulika kuwa ni wenyewe. Kwa Kiingereza watu hao wana jina lao, lakini sisi hatuna haja ya kuliazima, kwa kuwa tuna neno letu la zamani lenye maana ileile: waungwana. Si kila aliyelala Dunwich alikuwa mwungwana wa Dunwich. Uungwana ulirithiwa au ulitolewa na wakubwa wa mji. Na ilipofika zamu ya kuchagua wabunge, waliochagua walikuwa waungwana. Waliobaki walitazama.

Bandari ilifanya kazi. Sufu na nafaka zilitoka, mvinyo na mbao ziliingia, na heringi walitiwa chumvi kwa mapipa. Palikuwa na makanisa kadhaa ya parokia, nyumba za watawa, na hospitali ya wenye ukoma. Ilikuwa bandari kubwa ya pwani ile.

Kosa lake lilikuwa chini ya miguu. Sisi tuliokulia pwani ya Kilwa, Lamu na Unguja tumezoea kujenga kwa matumbawe, na mara nyingi juu ya matumbawe. Bahari yetu inakula, sikatai, lakini inang'ata jiwe. Dunwich ilikaa juu ya mchanga na changarawe. Ukisimama chini ya ukingo wake leo, ukaugusa kwa kidole, mchanga unamiminika kama sukari kwenye gunia lililopasuka. Sasa mtu ajenge kanisa la mawe juu ya kitu cha namna hiyo!

Usiku wa kuamkia mwaka 1287 ikaja tufani kubwa. Mwaka 1328 ikaja nyingine, na hiyo ndiyo iliyovunja mgongo wa mji, ingawa si kwa kubomoa nyumba. Iliziba bandari. Changarawe ilisukumwa ikafunga mlango wa mto, na maji ya mto yakajitafutia njia nyingine upande wa kaskazini, karibu na Walberswick. Mnaotoka kwenye miji ya bandari mnajua maana yake. Nyumba ikibomoka utajenga nyingine. Meli zikihamia kwa jirani, utajenga kwa nini? Dunwich ilijaribu kuwalazimisha wenye meli waendelee kulipa ushuru kwake, wakati mlango wa bahari umekwenda kwa wengine. Kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi, na damu ilimwagika. Mwaka 1347 tufani ikabeba nyumba kama 400 kwa mara moja.

Baada ya hapo ni hadithi ya kupungua tu, kanisa baada ya kanisa. Desturi ilikuwa hivi: ukingo ukilikaribia kanisa, watu hung'oa kengele, madini ya risasi ya paa na mbao, huuza wanachoweza kuuza, kisha huiachia bahari kuta. Sitayataja yote. Kumbukeni moja tu, All Saints, lililokuwa la mwisho, kwa sababu nitarudi kwake.

Sasa tuje kwenye kiti.

Mwaka 1298 Dunwich ilipoanza kutuma wabunge, ubunge haukuwa neema. Ulikuwa mzigo. Mfalme alitaka fedha za vita, akaiita miji itume watu wawili wawili waje wakubali kodi kwa niaba ya wenzao. Gharama za safari na posho zilikuwa juu ya mji wenyewe, shilingi mbili kwa siku kwa mbunge wa mji. Miji mingine iliomba isiitwe! Na Dunwich, ilipoanza kuishiwa, ililipa kwa ilichokuwa nacho. Kuna mapatano ya mwaka 1463 ambapo mtu aitwaye John Strange alikubali kwenda bungeni kwa niaba ya Dunwich, na ujira wake ukawa samaki: kasha moja la heringi na nusu pipa juu yake. Hiyo ndiyo posho ya mheshimiwa. Najua mnacheka kwa sababu mnawajua waheshimiwa wa kwetu, lakini naomba mlitunze hilo pipa akilini. Katika karne ya 15 mji unamlipa mbunge. Miaka mia tatu baadaye mbunge ndiye anayeulipa mji. Katikati hapo kuna kitu kimepinduka.

Kilichopinduka ni thamani ya Bunge. Kadiri wafalme walivyozidi kulihitaji, na hasa baada ya kupigana nalo vita na kushindwa katika karne ya 17, kiti cha Bunge kikawa mlango wa vyeo, mikataba, na kazi za watoto wa ndugu. Matajiri wakaanza kuvitafuta viti. Na mtu anayetafuta kiti hutafuta wapi? Hatakwenda kwenye mji wenye wapiga kura elfu tano wenye kelele, kila mmoja na bei yake. Atakwenda mahali palipo na wapiga kura wachache, maskini, waliokaa pamoja, wanaoweza kuhesabiwa. Atakwenda Dunwich.

Ndiyo maana nikasema jimbo lilinenepa. Kila nyumba iliyoanguka baharini iliifanya Dunwich iwe rahisi zaidi kushikwa, na kwa hiyo iwe na thamani zaidi kwa mwenye fedha. Na hapakuwa na sheria ya kuifuta. Wafalme walikuwa na mazoea ya kuongeza miji kwenye orodha ya wanaoitwa bungeni. Kupunguza hakukuwa na utaratibu. Barua ya mwito ilitoka London, ikafika Suffolk, ikasomwa, waungwana wakakutana, wakataja majina mawili. Ukingo ungeweza kuanguka asubuhi na uchaguzi ukafanyika jioni.

Kingine msikisahau: kura haikuwa ya siri. Siri ya kura Uingereza ilikuja mwaka 1872. Kabla ya hapo ulisimama mbele ya watu ukamtaja unayemchagua kwa sauti, karani akaandika. Mwenye nyumba unayopanga yupo palepale anakusikiliza. Anayekupa kazi yupo. Aliyekukopesha yupo. Mwasemaje? Ungemtaja nani?

Na hapa naomba niwatajie jina mnalolisikia kwenye redio kila wiki. Namba 10, Downing Street, makao ya Waziri Mkuu. Downing huyo wa mtaa, Sir George Downing, alikuwa mtu wa karne ya 17 aliyemtumikia Cromwell, mtawala wa Uingereza wakati haikuwa na mfalme, na mfalme aliporudi akageuka akamtumikia mfalme, kiasi cha kuwakamata wenzake wa zamani huko Uholanzi mwaka 1662 na kuwaleta kunyongwa. Alijenga nyumba za kupangisha karibu na Bunge, nazo ndizo zilizozaa mtaa ule. Mjukuu wake, naye Sir George Downing, ndiye aliyeitia Dunwich mfukoni. Alikuwa mbunge wake kuanzia 1710 hadi 1715, kisha kuanzia 1722 mpaka alipofariki mwaka 1749. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Huyu mjukuu, kwa kweli, namwonea huruma kidogo. Mwaka 1700, akiwa na miaka 15, ndugu zake walimwoza binamu yake Mary Forester, msichana wa miaka 13. Mara baada ya harusi akapelekwa nje kusafiri, na walikuwa na mapatano kwamba binti asiende kuishi katika jumba la malkia. Binti akaenda. Kijana aliporudi akakataa hata kumwona. Hawakuishi pamoja siku moja. Mwaka 1715 waliomba Bunge liwaachanishe, maana wakati ule talaka kama hiyo ilihitaji sheria ya Bunge; wakakataliwa. Basi akafa bila mtoto wa ndoa, baada ya kuwa mbunge zaidi ya miaka 30, na Bunge hilohilo alilokuwa na kiti chake ndani yake halikumfungulia mlango wa ndoa. Mali yake ikamwendea binamu mwingine, Jacob Garrard Downing, ambaye naye alikuwa mbunge wa, mmekwisha kubahatisha, Dunwich. Jacob alipokufa mwaka 1764 bila mrithi ikaanza kesi ndefu juu ya wasia, na mwisho wake mwaka 1800 kikaanzishwa chuo cha Downing, Cambridge. Mwanafunzi anayesoma sheria pale leo anakaa juu ya fedha za mtu aliyekuwa na mji wa kuzama mfukoni.

Baada ya akina Downing, jimbo likawa la nyumba mbili: akina Barne, waliokuwa na ardhi Dunwich, na akina Vanneck, wafanyabiashara wa London wenye asili ya Uholanzi waliokuja kupata cheo cha Lodi Huntingfield. Viti viwili, familia mbili, kila mmoja na chake. Uchaguzi wa kushindana ukawa kitu cha nadra, na kwa nini ushindane na jirani mliyekwisha gawana naye?

Waingereza walikuwa na majina mawili kwa majimbo ya aina hii. Lile ambalo watu wake wameisha waliliita jimbo lililooza, na lile lililo chini ya tajiri mmoja waliliita jimbo la mfukoni. Dunwich ilistahili yote mawili. Na haikuwa peke yake. Old Sarum, karibu na Salisbury, kilikuwa kilima cha nyasi na mabaki ya ngome. Familia ya Pitt ilikinunua mwaka 1691, na mwaka 1802 kikauzwa kwa pauni 60,000. Gatton, Surrey, iliuzwa mwaka 1830 kwa pauni 100,000, miaka miwili tu kabla haijafutwa. Kama mnamjua dalali aliyefanya kazi ile, mwambieni atufundishe.

Lakini mimi ni mtu wa Suffolk sasa, nimeishi hapa miaka mingi kuliko nilivyoishi kwetu, kwa hiyo nitabaki Suffolk. Mkoa huu peke yake ulikuwa na wabunge 16. Wawili wa mkoa wenyewe, halafu wawili wawili wa Ipswich, Bury St Edmunds, Sudbury, Eye, Aldeburgh, Orford na Dunwich. Tazameni tatu za mwisho: zote ni pwani moja, unaweza kuzipita zote kwa gari kabla chai ya chupa haijapoa, na kwa pamoja zilikuwa na wabunge sita. Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield zote kwa pamoja hazikuwa na kitu.

(Hapa mama mmoja aliuliza: kwani hapakuwa na watu wenye akili wa kuliona hilo?)

Walikuwepo, mama. Mwaka 1785 Waziri Mkuu William Pitt, yule kijana, alipeleka muswada wa kuyafuta majimbo 36 ya namna hii. Sikilizeni alivyotaka kufanya: wenye majimbo walipwe fidia, akatenga pauni milioni moja. Aliona wazi kwamba kiti ni mali, na mali huwezi kumnyang'anya mtu bure. Akashindwa kwa kura 248 dhidi ya 174. Ireland ilipounganishwa na Uingereza kwa sheria ya mwaka 1800, walifanya hivyo hasa: kila mji uliopoteza viti vyake, wenyewe walilipwa pauni 15,000. Yaani mpiga kura alipoteza mbunge, na fidia ikaenda kwa tajiri. Hilo ndilo huniuma kuliko habari ya bahari.

Mambo yaligeuka Novemba 1830. Duke wa Wellington, Waziri Mkuu, yule aliyempiga Napoleon, alisimama akasema utaratibu wa Bunge uliopo hauhitaji kubadilishwa. Ndani ya wiki mbili serikali yake ilikuwa imeanguka. Earl Grey akashika uwaziri mkuu. Tarehe 1 Machi 1831 Lord John Russell alisimama katika Baraza la Makabwela, na jina hilo la Kiswahili lina kichekesho chake, maana makabwela wa kweli humo hawakuwemo, akasoma orodha ya miji itakayopoteza viti. Wapinzani walicheka mwanzoni. Alipoendelea kutaja jina baada ya jina, wengine wakisikia majimbo yao wenyewe yanasomwa, mambo yakawa mengine. Muswada ulipita hatua ya pili kwa kura 302 dhidi ya 301. Kura moja!

Haukufika mbali. Uchaguzi mpya ukaitishwa, muswada ukarudi, na tarehe 8 Oktoba 1831 Baraza la Malodi, lile la juu, likaukataa kwa tofauti ya kura 41. Nottingham wakachoma jumba la duke mwingine. Derby palikuwa na ghasia. Bristol walifanya ghasia siku tatu, gereza na jumba la askofu vikateketezwa, na watu wakafa. Malodi wakatishiwa kwamba mfalme atawateua malodi wapya wengi kiasi cha kuwamezea kura zao. Hapo ndipo wengi wao wakaamua kukaa kando. Muswada ukawa sheria tarehe 7 Juni 1832. Miji 56 ikapoteza viti vyake vyote. Aldeburgh, Dunwich na Orford zilikuwemo. Safari hii hakuna aliyelipwa hata senti.

Nasikia mnapiga makofi. Ngojeni kwanza. Sheria hiyo iliwapa kura wenye nyumba za thamani ya pauni kumi kwa mwaka mijini, yaani wenye maduka na wenye viwanda. Mfumaji wa pamba wa Manchester aliyeandamana alibaki nje palepale alipokuwa. Baada ya mageuzi yote yale, Uingereza na Wales ni mwanamume mmoja kati ya watano hivi aliyekuwa na kura. Na hii sheria ndiyo ya kwanza ya uchaguzi wa Bunge kuandika waziwazi kwamba mpiga kura ni mwanamume. Kabla yake wanawake walizuiwa na desturi. Sasa wakazuiwa na maandishi. Akina mama wa hapa wangoje mpaka 1918, na kwa usawa kamili mpaka 1928.

Na watu wa Dunwich? Nilipokuwa nikianza kusoma habari hizi niliwaona kama kichekesho, mafisadi wadogo walioshika kiti wasichostahili. Sasa siwaoni hivyo. Fikirieni mvuvi mwungwana wa mwaka 1820. Bandari hakuna. Soko limezama. Ana kitu kimoja tu duniani ambacho tajiri wa London anakihitaji, nacho ni sauti yake siku ya uchaguzi. Akiuza sauti ile anapata kodi ndogo ya nyumba, kazi ya mtoto forodhani, chakula na bia ya uchaguzi. Mwaka 1832 hata hicho kikaondoka. Hawakuwa wameuza haki ya watu wa Manchester kwa ubaya. Walikuwa wameuza kitu pekee kilichosalia ambacho maji hayakukifikia. Mtanisamehe kama mnaona nawatetea mno. Mimi ni mtoto wa mvuvi.

(Maswali yalianza hapa, na mzee mmoja wa nyuma akauliza kama ni kweli wapiga kura wa Dunwich walipanda mashua siku ya uchaguzi, wakaenda kupigia kura juu ya mahali palipokuwa ukumbi wa mji.)

Hadithi hiyo ni tamu, baba, na nimeisikia kwenye baa pale Dunwich kutoka kwa mtu aliyeapa. Haina ushahidi. Ni kama ile ya kengele za makanisa zinazosikika zikilia chini ya maji kukiwa na dhoruba. Kengele, kama nilivyowaambia, ziling'olewa mapema. Watu hawakuwa wajinga wa kuacha shaba baharini. Kilicho kweli ni kwamba chini ya maji yako mabaki. Wapiga mbizi wameyashika tangu miaka ya 1970, na kuanzia 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, wakiongozwa na Profesa David Sear, wamepiga picha za sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti wakaziona kuta za makanisa zimelala. Maji pale yana tope kiasi kwamba mpiga mbizi haoni mkono wake mwenyewe.

(Kijana kutoka Mombasa akauliza: kwa hiyo somo kwa Kenya ni nini?)

Somo sina, mwanangu, nina kulinganisha tu. Sisi tulirithi kutoka kwao utaratibu wa jimbo lenye mipaka na mbunge wake, ila Kenya imeandika ndani ya Katiba ya 2010, Ibara ya 89, kwamba majimbo ni 290 na kwamba idadi ya watu katika jimbo isipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 30, au 40 katika majiji na maeneo yenye watu wachache. Waingereza wa 1298 hawakuandika kitu. Sasa kubishana juu ya hiyo 40 ni kazi yenu na tume, msiniingize.

Nimalizie kwa All Saints, niliyowaahidi. Ibada zilikoma pale katika miaka ya 1750. Mwaka 1832, mwaka uleule jimbo lilipofutwa, kijiji kilijengewa kanisa jipya, St James, mbali na ukingo, na ndilo lililopo. All Saints likabaki tupu juu ya bahari. Turner, mchoraji, alilichora eneo lile karibu mwaka 1830: watu na mashua chini, magofu juu. Picha hiyo leo iko Manchester, kwenye jumba la sanaa la mji. Halmashauri ya Dunwich, pamoja na mhuri wake na vyeo vyake, iliendelea kukutana bila wabunge wa kuchagua mpaka ilipovunjwa mwaka 1886. Kanisa lilianza kuteleza mwaka 1904, kipande kwa kipande, na mnara ukaingia majini mwaka 1919. Nguzo moja ya ukuta ilihamishwa mapema, imesimama uani mwa St James, mnaweza kwenda kuigusa.

Na mkienda siku ya uchaguzi mtakuta watu wa Dunwich wanapiga kura kama sisi sote, kwa siri, kwa penseli. Jimbo lao linaitwa Suffolk Coastal. Ukubwa wa jimbo la Uingereza siku hizi ni wapiga kura kama 70,000 hivi, na mbunge ni mmoja. Wao, kwa uchache wao, wakijaa wote kwenye basi mbili wanatosha.

Haya, chai imeletwa. Mwenye swali lingine anifuate kwenye meza ya kaimati.